Pikipiki ya Mkataba ni ya Nani Kabla Hesabu Haijaisha?

Hotuba kwa madereva na wamiliki wa bodaboda na bajaji, Dar es Salaam

Mwenyekiti wa kijiwe, viongozi wa serikali ya mtaa, ndugu madereva, na nyie mabosi mliosimama kule nyuma kana kwamba haya hayawahusu: habari za asubuhi. Sogeeni mbele. Nusu ya maneno ya leo ni yenu.

Tuanze na swali ambalo kila kijiwe, kuanzia Mbagala Rangi Tatu mpaka Tegeta, kina jibu lake. Dereva amechukua pikipiki ya Boxer kwa mkataba, anamlipa bosi kidogo kidogo mpaka iwe yake. Amepeleka hesabu, yaani malipo ya kila siku kwa bosi, miezi tisa, imebaki sita. Leo hii, tunavyoongea, pikipiki ile ni mali ya nani? Dereva atasema ni yangu, nimeshaitolea jasho zaidi ya nusu. Bosi atasema ni yangu, kadi ya usajili ina jina langu. Mjumbe atasema ni ya wote wawili, mgawane. Sheria ikifika pale haianzi na yeyote kati yao. Inaomba karatasi mliyosaini, na inatafuta humo sentensi moja tu: umiliki unahama lini? Karatasi nyingi za vijiweni sentensi hiyo hazina. Zina majina, namba ya pikipiki, "hesabu elfu kumi kila siku", sahihi mbili, wadhamini na muhuri. Mambo yote yameandikwa isipokuwa lile mtakalogombania.

Neno "mkataba" hapa mjini limebebeshwa mizigo minne tofauti, na kila mzigo una jibu lake kuhusu mwenye mali.

Wa kwanza ni mauziano ya deni. Bosi anaandika: "Nimemuuzia fulani pikipiki yenye namba kadhaa kwa shilingi 3,900,000, atanilipa kidogo kidogo." Basi. Anadhani amejilinda. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kikiwa kinajulikana ni kipi, kipo tayari kukabidhiwa, na mauziano hayana sharti, umiliki unahama palepale mnapokubaliana, hata kama malipo yamesogezwa mbele. Kwa hiyo bosi huyo ameshauza. Pikipiki hana tena, ana deni. Hesabu ikilala wiki tatu, njia yake ni kudai pesa. Akituma vijana wakaibebe usiku, wamebeba mali ya mtu mwingine.

Wa pili ni mauziano yenye sharti: nimekuuzia, lazima umalize kulipa, lakini chombo kinabaki changu mpaka shilingi ya mwisho. Wa tatu unafanana na wa pili kwa sura tu. Huo ni kukodi kwa haki ya kununua: unakodi chombo changu kila siku, unaweza kukirudisha na kuondoka, ila ukifikisha jumla fulani kinakuwa chako. Huu una sheria yake, Sura ya 14. Wa nne ni mkopo wenye dhamana: taasisi inakukopesha pesa, unanunua chombo, kinakuwa chako tangu siku ya kwanza, na taasisi inakishikilia kama rehani ya deni. Ndiyo maana baadhi ya wakopeshaji husajili kadi kwa majina mawili, lao na lako. Wakopeshaji wa namna hii wanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mtu anayekopesha kutoka kwenye begi, hana leseni wala ofisi, muombe leseni kabla hajakuomba wewe kitambulisho.

Sasa tukae kidogo kwenye tofauti ya wa pili na wa tatu, maana hapo ndipo mabosi wanapoteza vyombo bila kujua sababu.

Sheria yetu ya biashara ina mizizi ya Uingereza. Tanganyika iliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kabla ya hapo mahakama za kule zilikuwa zimeshaamua kesi mbili ambazo mawakili wa hapa wanazisoma mpaka leo. Moja ni ya mwaka 1893, Lee na Butler. Mtu alichukua samani kwa kulipa kwa awamu, na makubaliano yalimbana alipe mpaka mwisho. Kabla hajamaliza akaziuza kwa mtu asiyejua lolote. Mahakama ikasema mnunuzi yule wa mwisho amepata mali halali, kwa kuwa aliyemuuzia alikuwa "amekubali kununua". Mwenye samani akabaki kudai. Ya pili ni ya mwaka 1895, Helby na Matthews. Hapa kitu kilikuwa piano, malipo ya miezi 36, na mchukuaji alikuwa na haki ya kuirudisha wakati wowote na kuacha kulipa. Miezi michache tu akaiweka rehani. Safari hii mwenye piano akashinda na kurudishiwa piano yake. Mchukuaji hakuwa amekubali kununua. Alikuwa anakodi, na mtu anayekodi hawezi kumpa mwingine umiliki ambao yeye mwenyewe hana.

Bosi, umeisikia hiyo? Kifungu kinachomruhusu dereva kurudisha chombo ndicho unachokiogopa kuliko vyote. Unaandika "dereva haruhusiwi kuvunja mkataba kwa sababu yoyote" na unajiona mjanja. Kumbe kifungu hicho hicho cha kurudisha ndicho kinachokulinda siku pikipiki ikikutwa Morogoro mikononi mwa mtu aliyeinunua kwa nia njema. Ukimfunga dereva asitoke, umemfanya mnunuzi. Ukimwachia mlango wa kurudisha, amebaki mkodishwaji.

Sentensi tunayopendekeza, kwa mkataba wa aina ya tatu, ni hii. Iandikeni mnipe kalamu yangu baadaye:

"Chombo kinabaki kuwa mali ya Mmiliki mpaka Dereva atakapokuwa amelipa jumla ya shilingi 3,900,000. Dereva anaweza kukirudisha wakati wowote na kusimamisha malipo. Siku jumla hiyo itakapokamilika, umiliki utahamia kwa Dereva bila malipo mengine yoyote, na Mmiliki atasaini hati za kuhamisha kadi ndani ya siku 7."

Wapo wanaouliza kama utaratibu huu unafaa kwa kila kitu kinachokopeshwa, na mfano unaotajwa mara nyingi ni bunduki ya ulinzi ya shamba au duka. Jibu linasaidia kuelewa pikipiki, kwa hiyo tulitoe. Kwenye silaha kuna maswali mawili yanayotembea mbalimbali: nani mwenye mali, na nani anaruhusiwa kuishika. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kushika kunategemea leseni yenye jina la mtu. Unaweza kulipa bei yote na usiruhusiwe kuigusa. Na muuzaji anayedai awamu mbili hawezi kupita nyumbani kwako akaichukua kama anavyochukua friji, maana akiwa nayo bila kibali amekuwa mkosaji yeye. Wenzetu Marekani, wauzaji wengi hukwepa tatizo hilo kwa kuiacha silaha dukani mpaka malipo yaishe; fomu ya serikali, ile namba 4473, hujazwa wakati wa kukabidhiana, na ukaguzi wa jina la mnunuzi hudumu siku 30 tu, kwa hiyo kuufanya mapema ni kazi bure. Mali inakaa kwa muuzaji, pesa inatangulia. Pikipiki haiwezi kukaa dukani hivyo kwa sababu yenyewe ndiyo inayotafuta hesabu. Inabidi itembee mikononi mwa mtu ambaye bado si mwenyewe. Ugomvi wote unazaliwa hapo.

Turudi kwenye kadi. Kadi ya usajili ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ni ushahidi mzuri wa nani mwenye chombo, lakini ni ushahidi unaoweza kupingwa. Mkataba halali, risiti na mashahidi vinaweza kuonyesha kwamba mwenye jina kwenye kadi ameshauza. Vilevile kuishika kadi hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali. Dereva anayeweka kadi chini ya godoro, jina likiwa la bosi, amelinda karatasi tu. Bosi akienda polisi kuchukua ripoti ya upotevu anaweza kuomba kadi nyingine, na ile ya chini ya godoro ikabaki kumbukumbu.

Kabla hujasaini, omba kadi halisi. Nakala ya kadi inaficha mambo. Kisha nenda kwenye chombo chenyewe na kalamu. Kwenye pikipiki namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Futa vumbi na grisi kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Ina tarakimu na herufi 17. Kwa Bajaj iliyotengenezwa India inaanza na MD2, kwa TVS inaanza na MD6. Ndani yake hutakuta herufi I, O wala Q, kwa hiyo kiduara chochote unachokiona ni sifuri. Waandishi wa mikataba wengi huandika O na baadaye namba ya mkataba haifanani na ya kadi. Njia salama ni kuweka karatasi nyembamba juu ya namba na kuisugua kwa penseli mpaka itokee, halafu karatasi hiyo ibanwe kwenye mkataba. Ukipitisha kidole na kuhisi bati limeparuzwa, au tarakimu mbili zimezama kuliko nyingine, usisaini. Namba ya injini nayo iandikwe, lakini injini hubadilishwa kihalali, chesisi haibadilishwi.

Angalia pia faini. Faini za barabarani hufungamana na namba ya chombo, na deni lake linaweza kuangaliwa kwa namba hiyo kabla hujakubali chochote. Kwa bodaboda na bajaji kosa moja lilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021, lakini kumi kumi za mwaka mzima zinajaza kapu. Mkataba useme faini za kabla ya siku ya kukabidhiana ni za bosi, za baada ya hapo ni za dereva. Bila mstari huo, siku ya kuhamisha kadi kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole.

Sasa hesabu. Chukua mfano huu, badilisha namba kulingana na soko. Pikipiki dukani Kariakoo tuseme ni 3,000,000. Usajili, bima na kifaa cha GPS cha kufuatilia chombo kilipo tuseme 250,000. Bosi ametoa 3,250,000. Wamekubaliana 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 65. Hizo ni siku 390, shilingi 3,900,000. Faida ya bosi kwa miezi 15 ni 650,000, bila kuhesabu hasara ya siku hesabu zikilala. Ndiyo maana bosi anakuwa mkali ikilala siku tatu: siku tatu ni 30,000, na faida yake yote ni siku 65 tu za kazi.

Mtego uko kwenye neno moja. Ukiandika "miezi 15", dereva aliyeugua siku 20 atasema muda umeisha, chombo changu. Bosi atasema siku 20 hazijalipwa, ongeza. Wote wanasoma karatasi ileile. Ukiandika "siku 390", ugomvi unahamia kwenye siku za msiba, Idi, Krismasi na siku pikipiki ilipokuwa gereji. Andika jumla ya pesa. Shilingi 3,900,000 haina siku ya mvua. Muda uandikwe kama makadirio, na useme ukizidi kiasi gani bosi ana haki ya kusitisha.

Malipo yapite sehemu moja. Namba moja ya simu ya bosi, jina linalosomeka sawa na la kwenye mkataba. Dereva akituma leo M-Pesa, kesho ampe mke wa bosi taslimu, keshokutwa amwekee bosi mafuta kwenye gari lake, baada ya mwaka hakuna mhasibu anayeweza kulipanga. Meseji za malipo ya simu zinapokelewa kama ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imelifungua hilo. Lakini simu za madereva huibwa na huanguka, na meseji zinaondoka nazo. Kila baada ya miezi mitatu omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu, ichapishe. Na pawe na daftari lenye safu nne: tarehe, kiasi, jumla mpaka leo, sahihi ya aliyepokea. Safu ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayomaliza kesi. Mkisaini jumla kila Jumapili, ubishi hauwezi kuzidi wiki moja.

Pikipiki ikiibwa nani amepoteza? Kanuni ya Sura ya 214 ni kwamba hasara humfuata mwenye mali, kama hamkukubaliana vingine. Kwenye mauziano ya deni, ikiibwa wiki ya pili dereva amepoteza pikipiki na deni bado analo lote. Kwenye kukodi, imepotea kwa bosi, ila kama dereva alizembea, mfano aliiacha na ufunguo nje ya baa, atadaiwa kwa uzembe wake. Mikataba mingi ya Dar inaandika "chombo kikiibwa dereva atalipa chote". Dereva anayesaini hivyo amekubali kubeba hasara ya mwenye mali bila kuwa mwenye mali. Anaruhusiwa kukubali, ila ajue alichokubali, na apunguziwe hesabu kwa ajili hiyo.

Bima ndogo haisaidii hapa hata kidogo. Ipo kwa ajili ya watu wengine mnaowagonga au kuwaharibia mali. Wizi na ajali ya chombo chenyewe ni kazi ya bima kubwa. Na bima kubwa hulipa mtu aliyeandikwa kwenye bima, ambaye mara nyingi ni bosi. Chukulia dereva ameshalipa 3,000,000 kati ya 3,900,000, pikipiki imeibwa, bima imemlipa bosi 2,200,000 baada ya kutoa uchakavu. Bosi amepokea jumla 5,200,000 kwa chombo cha 3,900,000. Bila kifungu, dereva anatoka mikono mitupu. Kifungu kiseme: fidia ya bima kwanza imalize deni lililobaki, kinachozidi ni cha dereva. Kwenye mfano wetu deni ni 900,000, dereva anaondoka na 1,300,000, anaanza upya. Stika ya bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, maana stika bandia zinafanana na za kweli kuliko pacha.

Matengenezo tuyapite haraka. Oili, tairi, mnyororo na sproketi, breki: dereva. Injini kufunguliwa: inategemea kwa nini. Pikipiki ya bodaboda inatembea kilomita mia na zaidi kwa siku, kwa hiyo oili ya lita moja hivi inachoka ndani ya wiki tatu au nne. Dereva anayechelewesha ili kuokoa elfu kumi na mbili anaua injini, na fundi akifungua ataonyesha silinda zilizochanika. Andikeni tarehe na kilomita za kila oili kwenye daftari lile lile la hesabu. Hapo hatuhitaji shahidi.

Kifaa cha GPS kinachozima injini kwa mbali kimekuwa silaha ya mabosi. Kina faida. Lakini kuzima chombo kikiwa barabarani Mandela na abiria nyuma ni kuua watu kwa ajili ya elfu thelathini. Mkataba useme kizimwe kikiwa kimesimama tu, na baada ya taarifa.

Hapo tumeingia kwenye kunyang'anya. Hesabu ikilala, kosa ni la madai. Polisi si ofisi ya kukusanya hesabu, na dereva hawekwi mahabusu kwa kudaiwa. Ikiwa dereva ameuza chombo cha bosi au amekificha, hapo tumevuka mpaka tumeingia jinai, wizi wa kuaminiwa, na polisi wanahusika kabisa. Tofauti iko kwenye kitendo, si kwenye ukubwa wa deni.

Kwa bosi anayetaka kuchukua chombo kwa hesabu kulala, utaratibu wa haki una hatua ambazo lazima ziwe ndani ya karatasi tangu mwanzo: hesabu ngapi zikilala ndipo haki inaanza, tunashauri zisipungue saba mfululizo, taarifa ya maandishi ya siku 14, hata kwa meseji, kisha chombo kirudishwe mchana, mbele ya kiongozi wa kijiwe, kikiandikwa hali yake na kilomita zake. Na baada ya dereva kulipa sehemu kubwa, kuchukua tu na kusema "umepoteza" ni dhuluma. Kenya, kwa sheria yao ya kukodi kwa haki ya kununua, Sura ya 507, theluthi mbili zikishalipwa mwenye chombo hawezi kukitwaa bila kwenda mahakamani. Uingereza mwaka 1938 waliweka mpaka huo kwenye theluthi moja. Nyie wekeni mpaka wenu ndani ya mkataba: ikifika 2,600,000 kwenye mfano wetu, chombo kisichukuliwe, kiuzwe kwa makubaliano, bosi akate deni lake, salio liende kwa dereva.

Vipo vifungu vya "akichelewa atalipa faini ya 50,000 kwa siku". Havina meno mnayodhani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inampa aliyeumia fidia ya kiasi kinachostahili, na kile kilichoandikwa ni dari, si lazima akipate chote. Hakimu anaweza kukata elfu hamsini ikawa elfu tatu.

Muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mlikuwepo na mlisaini. Hautibu mkataba mbovu. Wakili naye hivyo hivyo, kama amegonga muhuri bila kusoma. Kuna muhuri mwingine unaosahaulika: ushuru wa stempu. Hati isiyolipiwa ushuru huo chini ya Sura ya 189 haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ilipiwe. Ilipieni mapema. Kesi yenyewe, kwa bei ya pikipiki au bajaji moja, inabebwa na Mahakama ya Mwanzo.

Jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: bosi akifa. Kadi ni ya jina lake, kwa hiyo chombo kinaonekana kwenye mirathi pamoja na friji na kiwanja. Ndugu wanakuja kijiweni na funguo ya akiba. Dereva, mkataba wako haujafa. Sura ya 345 inasema ahadi za marehemu zinawafunga wawakilishi wake. Unayezungumza naye ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mjomba mwenye sauti kubwa. Mpaka ateuliwe, hesabu weka kwenye akaunti moja, usimpe ndugu yeyote, na uweke risiti. Ukimpa shemeji akala, msimamizi akija atakudai tena.

Na kuna mlolongo. Bosi naye huenda amekopa pikipiki kumi kwa taasisi, akazigawa mkataba. Wewe unamlipa yeye, yeye halipi kule. Siku moja taasisi inakuja kuchukua mali yake, na hesabu zako za miezi 12 haziizuii, kwa sababu bosi hakuweza kukupa umiliki aliokuwa hana. Dawa yake ni kadi halisi. Ukiona majina mawili, au bosi anasema kadi "iko ofisini", uliza ofisi ya nani. Kama ni mkopo, omba barua ya mkopeshaji inayokubali mkataba wako. Huyo deiwaka, dereva wa kutwa unayempa chombo Jumapili, naye yuko kwenye mnyororo huo huo: kama mkataba unakataza kumpa mtu mwingine, ajali yake ya Jumapili inavunja mkataba wako wa miezi 15.

Siku ya mwisho. Jumla imefika 3,900,000. Usimpe bosi mkono na kuondoka. Chukua barua yenye maneno "nimepokea malipo yote, sidai chochote, umiliki umehama tarehe fulani", sahihi, shahidi. Chukua kadi halisi na funguo zote mbili. Fundi aondoe au abadilishe usajili wa GPS, la sivyo bosi anaendelea kukuona unakolala. Bima ibadilishwe jina. Kisha uhamisho TRA: mkataba wa mauziano, kadi, namba za mlipakodi (TIN) za nyie wawili, na bosi awepo au asaini siku hiyo hiyo, maana bosi aliyemaliza kulipwa ana simu isiyopatikana kuliko mtu yeyote mjini. Ndiyo sababu wajanja husaini hati ya uhamisho siku ya kwanza na kumwachia wakili aitunze mpaka daftari lifike jumla.

Daftari lenyewe msilitupe hata kadi ikishabadilishwa jina. Madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka sita.